Kiganja Juu ya Kengele

Baiskeli ya Mwinjilisti wetu ilisikika kabla haijaonekana. Kengele yake ilikuwa imelegea skrubu, kwa hiyo haikungoja kidole. Kila shimo liliipiga, na njia ya kijijini kwetu, mwendo wa saa moja hivi kwa baiskeli kutoka Bariadi mjini, ni mashimo matupu. Mama akiisikia alifuta kigoda kwa pindo la khanga na kukiweka nje, maana alijua baada ya dakika mbili mgeni atashuka, atafungua kile kipande cha mpira wa tairi alichofungia suruali mguuni, na atauliza habari za kila kiumbe kilichomo bomani, kuanzia baba mpaka kuku anayeatamia.

Namwita Mwinjilisti kwa sababu hakuna aliyemwita vinginevyo. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui vizuri na sitajifanya kujua. Ninachojua ni kwamba alinifundisha kusoma Biblia na kusikiliza taarifa ya habari, vyote kwa pamoja, na kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano sikumpa salamu ya haki. Nilimpa "habari" ya mjini, ile ya kupita, nikiwa nimesimama wima. Kwetu binti hupiga goti kidogo kwa mzee, na ni yeye anayeanza: mwangaluka kama ni asubuhi, mwadila kama jua limepinda. Goti langu nililizuia, na yeye alijua kwa nini.

Lakini nianze na mazuri, maana yalikuwa mengi na bado nayatamani.

Kila Jumatano saa kumi jioni watu wazima walikusanyika kanisani kusoma Neno. Baba alinichukua nikamsomee, kwa kuwa macho yalikuwa yanamsumbua na mimi nilisoma haraka. Tulikaa kwenye mabenchi ya udongo yaliyopakwa samadi, na Mwinjilisti aliingia na redio yake begani. Redio hiyo aliinunua kwa msafiri stesheni ya Malampaka, na aliitunza kuliko koti lake. Betri zikichoka alizianika juani juu ya bati, akizigeuza kama mtu anayekausha karanga, na zilimpa siku mbili tatu zaidi. Mchana, taarifa ya habari ilipokuwa inasomwa, aliandika vichwa vyake kwenye kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji. Jumatano karatasi hiyo ilifunguliwa kwanza, Biblia baadaye.

Alisoma: huko mbali kuna vita, huku karibu kuna mafuriko, bei ya pamba imetangazwa, shule fulani haina madawati. Kisha akaomba tufungue andiko moja. Tukishalisoma mara mbili, aliinua bua la pamba alilolifanya fimbo ya kuelekezea na kumuuliza wa benchi la kwanza:

"Andiko hili utalilima wapi?"

Ilibidi utaje mahali. Kisimani, mnadani, shambani kwa mkwe, jikoni. Ukisema "nitajitahidi" alitikisa kichwa. "Kujitahidi si shamba, nkoi, rafiki yangu. Taja shamba." Na Jumatano iliyofuata alizunguka tena, mtu kwa mtu: "Umelilima wapi?" Ukitoa jibu la kweli, hata dogo, alisema, "Imeota. Anayefuata." Ukikosa jibu alisema tu, "Mbegu bado iko kibuyuni," akapita. Hakukaripia. Watu wazima walirudi nyumbani wameinama kwa sababu ya mbegu hiyo.

Nakumbuka siku alipotuambia tuwaombee marais wawili wa nchi zinazopigana, wote wawili, kwa majina. Mzee mmoja wa benchi la nyuma, mfugaji wa ng'ombe wengi na maneno mengi, akauliza kama marais hao watatusikia kutoka huku kwetu.

"Mkeo alikusikia leo asubuhi?" Mwinjilisti akamuuliza.

Kijiji kizima kilijua wawili hao hawasemezani tangu mnada uliopita.

"Basi anzia hapo. Vita vya huko tutavifikia."

Mabenchi yalicheka mpaka mavumbi yakadondoka darini. Mzee mwenyewe alicheka, na Jumatano iliyofuata alisimama kabla hajaulizwa, akasema amelima jikoni. Imeota, anayefuata.

Wakati wa uchaguzi alikuwa na kazi kubwa zaidi. Wagombea walipita na magari, wakagawa chumvi, khanga na kofia. Yeye alitusomea habari ya Esau, aliyeuza urithi wake kwa mchuzi wa dengu. Alisema Esau hakukosea kuwa na njaa, alikosea kuwa na haraka. Wiki ileile nikamwona shambani kwake anapalilia na kofia mpya ya kampeni kichwani. Baba akamtania kwamba na yeye kumbe ameshaonja dengu. Mwinjilisti akaivua kofia, akaitazama, akaivaa tena. "Jua halina chama," akasema, akaendelea kupalilia. Alikuwa hivyo. Ungemkuta kwenye kosa, angekucheka wewe uliyelikuta.

Wagonjwa ndio waliomjua vizuri zaidi. Aliamini maombi na aliamini zahanati, na hakuona sababu ya vitu hivyo viwili kungojana. Mtoto akishikwa na homa, wenyewe wakitaka aombewe kwanza, yeye alikuwa ameshaigeuza baiskeli. "Panda. Tutaomba njiani." Na kweli aliomba huku anakanyaga pedali, mama na mtoto wakiwa nyuma kwenye karia. Mimi mwenyewe nilipandishwa hivyo nikiwa na miaka saba, nimelala kifuani kwa mama, na nasikia mpaka leo akimwomba Mungu na kumwonya mama, mayu kwa Kisukuma, kwa pumzi moja: "Baba uliye mbinguni, shika vizuri, mayu, kuna shimo, umponye binti huyu." Kengele ikawa inaitikia amina kila shimo. Nilipopona nilidhani maombi yote duniani huombwa kwa kuhema.

Baadaye sana, simu za kisasa zilipoingia kijijini, mama alinipigia kunisimulia kisa cha mwalimu wa kwaya. Alikuwa amesambaza ujumbe kwamba gari jeupe linaiba watoto, na watu kidogo wampige dereva aliyeleta dawa za mifugo. Mwinjilisti alimwita, wakafungua simu pamoja, wakaandika majina ya wote waliotumiwa. Kisha akamtuma kwao kwa miguu, nyumba hadi nyumba, aseme kwa mdomo wake kwamba alichotuma kilikuwa uongo. Ilimchukua siku nne. "Alisambaza kwa kidole, akarudisha kwa miguu," mama alisema, akicheka hadi akakohoa. Mimi nilicheka pia, kisha nikakumbuka kwamba simpendi mtu huyo, nikabadilisha mazungumzo.

Maana alikuwa na woga mmoja. Hakuwaogopa fisi, wala waganga, wala mkuu wa wilaya. Aliogopa kukaa bila watu. Nyumba kumi za njiani zilimchukua nusu siku kwa sababu hakuweza kupita mlango bila kusalimia, na salamu za Kisukuma ukizianza lazima uzimalize. Aliwahi kutuambia kanisani, "Mtu asiposalimiwa siku tatu, anaanza kujipapasa aone kama bado yupo." Alisema kwa utani. Mimi nililichukua neno hilo nikaliweka, bila kujua kwamba litakuwa letu.

Nilikuwa na miaka kumi. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, na kwenye karatasi ya saruji Mwinjilisti alikuwa ameandika kwamba pamba ya kanda yetu inalalamikiwa, ina maji na mchanga. Watu waliangalia chini. Hakuna nyumba ambayo haikujua habari hiyo. Jioni pamba ilitandazwa nje inywe umande, wengine waliinyunyizia maji kwa tawi la majani, wengine walitia mchanga katikati ya mzigo ili mizani ishuke. Kila mtu alisema anafanya kwa sababu mizani ya mnunuzi nayo inaiba, na huenda ilikuwa kweli.

Andiko la siku hiyo lilikuwa lile la Yesu, kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Mimi ndiye niliyemsomea baba. Zamu yake ya kutaja shamba ilipofika, akasema, "Nitalilima ghalani."

Ijumaa mkaguzi akaja kutoka mjini. Mizigo ya kijiji kizima ilikuwa imeshapangwa ghalani, lori la mnunuzi likingoja nje. Mkaguzi aliingiza mkono kwenye mzigo mmoja, akautoa, akaunusa, akauliza kwa sauti nani ametia maji. Wanaume kama sitini walisimama pale na hakuna aliyekohoa. Baba akasema, "Mimi nimetia." Mkaguzi akauliza kama ni yeye peke yake. Nadhani baba angeweza kukaa kimya hapo. Akasema, "Hapana. Humu ndani karibu mizigo yote imetiwa."

Pamba yote ikaandikwa fifi, daraja la chini kabisa, na lori likaondoka tupu. Siku ya pili yake dagashida, mkutano wa wazee wa kijiji, ukaketi na kututenga. Kutengwa kwetu si kupigwa wala kufukuzwa. Ni kwamba hakuna mtu atakayekusalimia, hakuna atakayekupa moto wala maji wala kukuazima jembe, na mkifiwa mtazika wenyewe. Anayevunja hutengwa na yeye. Ukitaka kurudi unatoa mbuzi, unaomba radhi, mbuzi analiwa na wazee, yanakwisha. Baba alikuwa na mbuzi. Alikataa kuomba radhi kwa neno la kweli.

Jumatano ikafika. Baba akavaa shati lake la kanisani na tukaenda, kwa kuwa mwaka mzima hakuwahi kuwa na jibu zuri kama lile. Benchi tulilokalia, wengine walilihama. Sikujali sana, nilikuwa nikimngoja Mwinjilisti. Alianza benchi la kwanza kama kawaida: umelilima wapi, imeota, anayefuata. Umelilima wapi, imeota, anayefuata. Akafika kwetu. Baba akawa ameshainuka nusu, mikono juu ya magoti. Mwinjilisti akaliangalia bua lake la pamba, akalielekeza benchi la nyuma yetu.

"Anayefuata," akasema.

Alimruka. Baba alibaki ameinuka nusu kwa muda, kisha akakaa polepole. Hakuna nilichokiona utotoni kilichoniuma kama kule kukaa kwake.

Tangu siku hiyo Mwinjilisti hakusimama kwetu. Njia ni moja, ilibidi apite, na sisi tulijua saa zake. Tulimsikia kuanzia kisimani, ngri, ngri, ngri kwenye mashimo, na alipoukaribia ua wetu wa minyaa kengele ilinyamaza. Siku ya tatu nilichungulia nikaona kwa nini. Alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja. Kiganja cha mkono wa pili alikuwa amekifunika juu ya kengele, ili hata kwa bahati mbaya isitusalimie. Akishapita kwetu, aliachia, na ngri ngri zikaendelea kwa jirani. Mama alikiacha kigoda ndani.

Tuliishi hivyo tangu pamba mpaka mvua za mwanzo wa mwaka. Mama alikuwa mjamzito. Uchungu ulimshika mchana, mvua ikinyesha, na baba akatoka mbio kutafuta baiskeli ya kumpeleka zahanati. Alibisha milango ambayo haikufunguliwa. Mwisho akafika kwa Mwinjilisti. Mwinjilisti alitoka mpaka mlangoni, akamwambia baiskeli imepata pancha. Asubuhi ileile mimi nilikuwa nimemwona akipita nayo, kiganja juu ya kengele, na magurudumu yote mawili yalikuwa yamejaa upepo. Mdogo wangu alizaliwa mikononi mwangu, mimi na miaka yangu kumi, mama akinielekeza kwa maneno ya mkatomkato nishike wapi na nikate wapi. Sasa mimi ni muuguzi wa wazazi, huko mjini Mwanhuzi. Watu huniuliza nilisomea wapi kwanza, na huwa nataja chuo.

Nilimwambia baba habari ya magurudumu. Akasema, "Huenda ilikuwa na pancha." Hakusema zaidi ya hapo mpaka alipokufa miaka mingi baadaye.

Kesho yake baada ya mtoto kuzaliwa, baba alitoa mbuzi. Hakuomba radhi kwa neno la ghalani. Aliomba radhi kwa kuchelewa kutoa mbuzi, na wazee, ambao nadhani walikuwa wamechoka na wao, wakakubali. Mwinjilisti alialikwa kuomba kabla ya kula. Aliomba maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kumsikia, akapewa ini kwa heshima, akalila. Baba alimnawisha mikono. Mimi nilisimama mlangoni nimembeba mtoto, nikahesabu matonge yake, na hapo ndipo goti langu lilipogoma.

Yeye alirudi kuwa yeye. Kengele ikarudi, kigoda kikarudi nje, hata baba alirudi Jumatano. Mimi sikurudi. Nilisema nina masomo, kisha nikawa nayo kweli. Nilipokuja likizo na kukutana naye njiani, alishuka kwenye baiskeli na kungoja, naye ni mzee wangu, na mimi nikamwambia "habari" na kupita. Aliitikia "nzuri, mayu" kwa sauti ya chini. Kitu kimoja mama aliwahi kuniambia, nami nikajifanya sikukisikia: tangu mwaka ule, Mwinjilisti hakufundisha tena andiko la ndiyo na siyo. Likifika kwenye mpango wa masomo, alimpa mwingine afundishe, na yeye akakaa benchi la nyuma.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kumwona mama. Bodaboda aliyenichukua pale Bariadi ni kijana wa kijijini, akanieleza habari zote bila kuulizwa. Kuna mama mmoja kwao, alisema, amekwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuzuia binti yake wa darasa la saba asiozwe. Ng'ombe walikuwa wameshafika bomani, wakarudishwa. Shemeji zake wamekasirika, wazee wameketi, mama huyo ametengwa.

"Bado kuna mambo hayo?" nikamuuliza.

"Yapo, dada. Na Mwinjilisti naye wamemtenga."

"Kwa kosa gani?"

"Si anakwenda kumsalimia! Kila asubuhi. Wamemwonya mara mbili hasikii. Mzee wa watu wiki ya tatu hii hasemeshwi na mtu."

Niseme ukweli, maana yeye alitufundisha kuusema. Nilifurahi. Niliketi nyuma ya pikipiki nikafurahi kama mtu aliyepewa chake. Nilijisemea aonje, ajipapase aone kama yupo. Tulipopita karibu na kwake nikamwambia kijana asimame kidogo, sijui hata nilitaka kuona nini. Akakataa. "Pale mimi sisimami, dada. Nakushusha kwa mama, ukitaka utatembea mwenyewe."

Mama nilimkuta anachambua karanga. Magoti yake hayafai tena, maji anachotewa na binti wa jirani, kuni anakatiwa na jirani mwingine. Tuliposalimiana na kumaliza, hakuuliza habari za safari. Alinionyesha kapu dogo lililofunikwa kwa khanga. Ndani kulikuwa na matobolwa, viazi vya kuchemsha na kukausha, vile Mwinjilisti alivyokuwa akivitafuna kwetu zamani huku anapanga habari zake.

"Mpelekee," akasema. "Miguu yangu haifiki."

"Mama, watakutenga."

"Watanitenga na umri huu, waseme nini?"

"Nani atakuchotea maji?"

Aliendelea kuchambua. "Mimi nilizaa bila mtu. Nafahamu nyumba inavyonyamaza. Sitaki mtu mwingine aifahamu wakati mimi nina viazi."

"Yeye alikataa baiskeli, mama."

"Alikataa. Wewe ulikuwa na miaka kumi, mimi ndiye niliyekuwa sakafuni. Kama kuna wa kuweka kinyongo ni mimi, na mimi nimechoka kukibeba. Nenda, jua litapinda sana."

Nilikwenda, na wanawake wawili waliokuwa wakitoka kisimani waliona kapu, wakaona njia niliyoishika, wakanyamaza.

Alikuwa ameketi uani kwake, redio mapajani, betri nne zimepangwa juu ya kipande cha bati pembeni. Amepungua sana. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nilisikia siku hizi haiendeshi, anaikokota tu imsaidie kutembea. Niliona kengele. Ilikuwa mpya, inang'aa, imekazwa skrubu. Nilisimama kwenye pengo la minyaa. Alisikia hatua zangu lakini hakuinua kichwa, nadhani alishazoea hatua zinazopita. Ziliposimama ndipo akaangalia. Alinitambua. Akaizima redio na kungoja.

Hakuanza yeye. Si kawaida mzee kuanza, na zaidi ya hapo alijua hana haki ya kuanza na mimi. Nilikuwa na "habari" yangu mdomoni, tayari kabisa. Nikaona mikono yake juu ya redio, inapapasa ukingo wake, mbele nyuma, mbele nyuma.

Nikapiga goti. Lilifika chini kabisa, kwenye vumbi.

"Mwadila, baba."

Akaitikia, kisha akauliza kwa Kisukuma kama ni salama: "Mwadila, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu, baba."

"Mama yako mhola?"

"Mhola."

Hakuacha hata mmoja. Aliuliza mama, akauliza watoto wangu, wagonjwa wangu, mbuzi, mvua za Mwanhuzi, mpaka akafika kwa mdogo wangu, yule aliyezaliwa siku ya mvua. Hapo akakatisha maswali.

"Baiskeli haikuwa na pancha," akasema.

"Najua, baba."

"Na baba yako nilimruka."

"Najua."

"Alikuwa na jibu. Niliona alivyoinuka. Watu wote wale ndani, nikaogopa nitabaki na mabenchi matupu." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nimeuliza watu swali lile maisha yangu yote, yeye sikumuuliza."

Nilidhani amemaliza. Akajivuta, akakaa wima kwenye kiti, akaokota bua la pamba pale chini, akalinyoosha upande wangu. Sauti ilikuwa ileile ya Jumatano.

"Andiko la ndiyo na siyo. Baba yako alililima wapi?"

Nilikuwa bado nimepiga goti, kapu la viazi limelala kando.

"Ghalani," nikasema. "Mbele ya mkaguzi na watu wote. Aliulizwa, akasema ndiyo."

"Imeota," akasema Mwinjilisti. Akalia waziwazi, na mimi nikalia naye.

Tulipotulia alikula matobolwa mawili, mengine akayafunga kwenye gazeti. Alisema anayapeleka kwa yule mama aliyetengwa, leo alikuwa hajamsalimia mara ya pili. Nikamshika mkono upande mmoja, upande mwingine akaikokota baiskeli, tukaishika njia. Kila nyumba tuliyoipita aliipigia kengele kwa kidole gumba. Watu walikuwa uani, wengine walitugeuzia mgongo, wengine waliangalia tu. Hakuna aliyeitikia. Alipiga hivyohivyo, moja moja, bila kuruka mlango.

Tukafika kwetu. Niliangalia kiganja chake. Kilikuwa kwenye usukani, na kidole gumba kikapiga kengele mara tatu kwa nguvu. Mama alikuwa ameshajikokota mpaka nje na kigoda chake, na aliitikia kwa sauti kubwa kiasi kwamba majirani pande zote mbili walisikia:

"Mwadila, Mwinjilisti! Karibu, kaa!"